Ligier: mara tisa kileleni, misimu mitatu iliyobeba mzigo wote

Rekodi ya Ligier katika mbio za langalanga, yaani Formula 1, inasomeka vizuri ukiitazama kwa mbali. Kuanzia 1976 hadi 1996 timu hiyo ya Kifaransa ilishiriki mbio 326, ikashinda mara 9, ikaanza katika nafasi ya kwanza mara 9 na kukusanya alama 388. Kwa timu iliyoanzishwa na mtu mmoja, bila kiwanda kikubwa cha magari nyuma yake, hizo ni hesabu za kuheshimika.

Sasa zigawe msimu kwa msimu. Mwaka 1980 pekee Ligier ilipata alama 66. Kuanzia 1983 hadi 1992, misimu kumi mizima, ilipata alama 65. Miaka kumi ilishindwa kufikia mwaka mmoja. Ndani ya hiyo kumi kuna misimu minne isiyo na alama hata moja: 1983, 1988, 1990 na 1991. Upande wa pili, misimu mitatu ya 1979, 1980 na 1981 ilileta alama 171 na ushindi mara 7 kati ya ile 9. Na tusisahau kwamba enzi hizo alama zilikuwa haba. Mshindi alipata 9 (10 kuanzia 1991), wa pili 6, wa tatu 4, kisha 3, 2 na 1 kwa wa sita. Wa saba aliondoka mikono mitupu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuporomoka huko ni injini: Ligier ilibadilisha injini kama nguo, ikakosa bahati. Mimi siyakubali. Injini ilikuwa sababu ndogo. Kosa kubwa ni kwamba timu hii ilitengeneza gari la kasi kabla haijawa na uwezo wa kueleza kasi ile imetoka wapi, na baadaye fedha na siasa zikaiwezesha kuishi miaka mingi bila kulazimika kujifunza.

Tuanze na msingi wake. Guy Ligier wa Vichy alikuwa muuza nyama, mcheza raga, kisha mkandarasi wa ujenzi aliyetajirika, na dereva aliyeshiriki mbio za langalanga mwaka 1966 na 1967. Rafiki yake Jo Schlesser alikufa Rouen mwaka 1968, gari lake la Honda lilipowaka moto. Ndiyo maana magari yote ya Ligier yana herufi JS mbele ya namba. Matra, kampuni ya Kifaransa, ilipojitoa mashindanoni mwishoni mwa 1974, Ligier alichukua watu wake muhimu, akiwemo mhandisi Gérard Ducarouge, na akapata injini yao ya silinda 12. Fedha zilitoka kwa shirika la tumbaku la serikali ya Ufaransa, lililouza sigara za Gitanes. Kwa hiyo timu ilizaliwa ikiwa na wataalamu waliokwisha kuiva, injini iliyokwisha kushinda mbio za saa 24 za Le Mans na mfadhili wa uhakika. Hakuna timu ndogo ya Uingereza ya wakati ule iliyoanza na mtaji wa namna hiyo.

Matokeo yalikuja upesi. JS5, gari lenye bomba kubwa la hewa juu ya kichwa cha dereva, lilipata alama 20 katika msimu wa kwanza na nafasi ya kwanza ya kuanzia huko Monza. Juni 1977 Jacques Laffite alishinda Anderstorp, Sweden, na JS7. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa langalanga kwa dereva Mfaransa ndani ya gari la Kifaransa lenye injini ya Kifaransa. Hata hivyo Mario Andretti wa timu ya Kiingereza ya Lotus ndiye aliyetawala mbio zile. Zilipobaki duru chache akaishiwa mafuta. Silinda 12 za Matra zenyewe zilikuwa na sauti tamu na nguvu nzuri, lakini zilikunywa mafuta kuliko silinda 8 za Cosworth, injini ya Kiingereza. Kunywa sana maana yake ni kuanza mbio ukiwa mzito, na uzito wa mwanzo unakula tairi na breki kabla mashindano hayajachangamka.

Mwaka 1979 ndio wa kuutazama kwa makini kuliko yote.

Lotus walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba tumbo la gari linaweza kufanya kazi kama bawa la ndege lililogeuzwa. Pande mbili za gari zinachongwa chini kama njia ya hewa inayoanza pana, inabana katikati, kisha inapanuka kuelekea nyuma. Hewa ikipita pale penye kubana huongeza kasi, shinikizo lake hushuka, na gari hufyonzwa kuelekea lami. Ili hewa ya pembeni isipenye na kuharibu mfyonzo, pembeni huwekwa sketi: vibao vinavyopanda na kushuka kwenye reli zao, vikisukumwa na springi ili vigusane na lami muda wote. Sketi moja ikikwama juu, upande huo hupoteza mgandamizo, yaani nguvu inayolibana gari ardhini, ghafla, tena katikati ya kona, mahali ambapo dereva hana nafasi ya kurekebisha chochote.

Ili kupata nafasi ya njia hizo za hewa, Ligier waliachana na Matra na kuchukua Cosworth DFV ya lita 3, fupi na nyembamba, inayoacha pande za gari wazi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. JS11 ilipofika Argentina, Laffite alianza wa kwanza, akashinda na kuweka duru ya kasi kuliko zote. Brazil alishinda tena, na mwenzake Patrick Depailler akawa wa pili. Hispania alishinda Depailler. Katika mbio sita za mwanzo Ligier ilianza katika nafasi ya kwanza mara nne: Argentina, Brazil, Hispania na Ubelgiji. Mtu yeyote aliyetazama mwezi Mei angeweka dau kwamba ubingwa unaelekea Vichy.

Haukwenda. Jody Scheckter wa Ferrari ndiye aliyekuwa bingwa, kwa gari ambalo injini yake pana ya silinda 12 zilizolala iliminya njia za hewa zilezile ambazo Ligier ilizipata kwa wingi. Linganisha safari zao. Katika mbio 15 Scheckter alishindwa kumaliza mara 2 na kupata alama mara 12. Laffite alishindwa kumaliza mara 8. Breki zilimwangusha Long Beach, giaboksi Monaco, injini zaidi ya mara moja. Mara 6 alizopata alama hakuwahi kuwa chini ya nafasi ya tatu: ushindi mara mbili, wa pili mara moja, wa tatu mara tatu. Jumla 36, nafasi ya nne. Gari liliposimama imara, karibu kila mara lilifika jukwaani. Liliposhindwa, lilishindwa kabisa.

Halafu kuna gari la pili. Depailler alipata alama 22 katika mbio saba za mwanzo. Kisha akaanguka na bawa la kurukia angani, akavunjika miguu, msimu wake ukaisha. Jacky Ickx, bingwa mkubwa wa Le Mans, aliitwa kuziba pengo na katika mbio nane zilizobaki akapata alama 3. Ferrari ilimaliza na alama 113, Williams 75, Ligier 61. Mtu anaweza kusema ajali ya Depailler ndiyo iliyowamaliza, na sehemu ya ukweli ipo hapo. Lakini tatizo la kasi lilianza kabla. Afrika Kusini na Long Beach, mbio zilizofuata mara baada ya ushindi ule wa Brazil, Laffite hakumaliza na Depailler alipata alama 2 tu.

Iko hadithi maarufu kwamba vipimo vya gari la Argentina viliandikwa kwenye pakiti ya sigara na pakiti ikapotea. Siwezi kujenga hoja juu ya pakiti ya sigara. Lakini hadithi hiyo imeishi miaka yote hii kwa sababu inaendana na kilichoonekana njiani: gari lilikuwa la kasi mahali fulani na la kawaida mahali pengine, na timu haikuweza kulirudisha kwa makusudi kule lilikotoka.

Gari la aina hii linadai kuelewana kwa vitu vitatu kwa wakati mmoja. Kwanza ni urefu wa tumbo kutoka ardhini. Sentimita moja ya juu zaidi inatosha kupunguza mfyonzo. Pili ni springi, ambazo lazima ziwe ngumu kiasi kwamba gari halishuki na kugusa lami linapofyonzwa kwa kasi kubwa. Tatu ni uimara wa chasisi yenyewe, kwani springi zikishakuwa ngumu, nguvu yote inayobaki huenda kwenye vyuma. Kama chasisi inapinda, basi springi unazobadilisha piti (gereji ya pembeni mwa njia) hazikupi jibu la kweli. Unaweka ngumu zaidi, gari linapinda zaidi, dereva anarudi na malalamiko yaleyale, nawe hujui ulichobadilisha ni kipi. Tiba yake ni karatasi: kila badiliko lirekodiwe peke yake, lipimwe, lirudishwe. Williams mwaka ule walianza wakiwa nyuma, wakaleta gari jipya la FW07, na Alan Jones akashinda mbio nne kati ya tano kuanzia Ujerumani hadi Kanada. Wazo lilikuwa lilelile la Lotus na lilelile la Ligier, likiwa mikononi mwa watu waliojua kulipima.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko Brands Hatch, Uingereza, Julai 1980. Ligier walikuwa na JS11/15, toleo lililoboreshwa, na Didier Pironi alikuwa amejiunga na Laffite. Magari yote mawili yalianza mstari wa mbele. Pironi aliongoza, tairi ikapoteza upepo. Laffite akashika uongozi, naye tairi ikamtupa nje. Chanzo kilikuwa rimu zilizopasuka. Mgandamizo ulikuwa umezidi nguvu ya vyuma vilivyoubeba. Gari la kasi kuliko yote siku ile liliondoka bila alama kwa sababu ya kipande ambacho mtu wa gereji anaweza kukikagua kwa macho, kwa rangi ya kuonyesha nyufa na kwa daftari la kuhesabu kilomita za kila rimu. Pironi alishinda Zolder na Laffite akashinda Hockenheim, timu ikawa ya pili kwa alama 66, nafasi ya juu kuliko zote katika historia yake. Ukizitazama Brands Hatch na ile Monaco, ambako Pironi aliongoza kisha akagonga ukuta kwenye mvua, utaona jinsi msimu ulivyovuja.

Mwaka 1981 walirudi kwa Matra, safari hii kwa jina la Talbot, chapa iliyokuwa mikononi mwa Peugeot. (Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaiheshimu Peugeot kwa ushindi wa 404 na 504 katika Safari Rally, ni kampuni hiyohiyo.) JS17 lilishinda Austria na Kanada, na Laffite alifika mbio za mwisho Las Vegas akiwa na alama 43, sita tu nyuma ya Carlos Reutemann. Alimaliza na 44, Nelson Piquet akawa bingwa kwa 50. Kule Jarama, Hispania, Laffite alikuwa ameanza wa kwanza, akapoteza nafasi mwanzoni, kisha akamaliza sehemu ya tano ya sekunde nyuma ya Gilles Villeneuve, ambaye Ferrari yake ilikuwa na nguvu kwenye njia iliyonyooka na dhaifu kwenye kona. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa alama 3. Mtu hahitaji kuwa mchawi kuona jinsi ubingwa ulivyopita karibu. Na katikati ya msimu huohuo Ducarouge, akili kuu ya magari yote hayo, aliondolewa kazini.

Baada ya hapo, kushuka kulikuwa kwa haraka. Kwa msimu wa 1983 sheria iliamuru tumbo la gari liwe bapa, na mfyonzo ukafutwa. Ligier ilibaki na Cosworth yenye takriban nguvu 500 za farasi dhidi ya injini za tabo, zinazosukumiwa hewa kwa nguvu, zilizozidi 600. Alama: sifuri.

Hapa wale wa hoja ya injini hunyanyua mkono. Wacha tuwajibu kwa injini. Kati ya ushindi 9, mara 5 ni Cosworth, mara 3 ni Matra, mara 1 ni Mugen-Honda. Renault iliwapa injini misimu sita, 1984 hadi 1986 na tena 1992 hadi 1994. Ushindi: hakuna. Mwaka 1992 Ligier na Williams walikuwa na Renault ya silinda 10, familia moja ya injini, iliyokuwa bora kuliko zote uwanjani. Williams ilipata alama 164. Ligier ilipata 6. Ukiwa na injini ya bingwa na ukapata chini ya asilimia 4 ya alama zake, tatizo halipo tena chini ya kifuniko cha injini. Lipo kwenye bodi, kwenye giaboksi, kwenye springi, na kwa watu wanaoamua.

Maamuzi yenyewe yanatosha kushangaza. Adelaide 1985, Laffite na Philippe Streiff wakiwa wa pili na wa tatu huku mbio zikikaribia mwisho, Streiff alijaribu kumpita mwenzake, akamgonga na kumaliza na gurudumu la mbele likining'inia. Nafasi zote mbili ziliokolewa kwa kudra tu. Mwaka 1987 gari la JS29 lilichorwa kwa ajili ya injini ya tabo ya Alfa Romeo; René Arnoux akaiponda hadharani wakati wa majaribio, mkataba ukavunjwa kabla msimu haujaanza, timu ikakosa mbio za Brazil na kulazimika kupachika injini nyingine kwenye chasisi isiyoumbwa kwa ajili yake. Injini haibebeki hivihivi. Inabeba mzigo wa nyuma ya gari, inaamua mahali pa rejeta, mabomba na tangi, na uzito wake unahamisha usawa wa gari zima. Mwaka ule walipata alama 1. Mwaka uliofuata JS31 lilikuja na mpangilio wa ajabu wa matangi ya mafuta, na kule Imola magari yote mawili yalishindwa hata kufuzu kuanza mbio.

Timu ya Kiingereza yenye rekodi hiyo ingekufa. Ligier haikufa, kwa sababu Guy Ligier alikuwa rafiki wa François Mitterrand, rais wa Ufaransa kuanzia 1981, na mashirika ya serikali yaliendelea kuweka majina yao kwenye gari: sigara, bahati nasibu, mafuta. Timu ikahamia Magny-Cours katika mkoa wa Nièvre, ngome ya kisiasa ya Mitterrand, na mbio za Ufaransa zikahamia hapohapo mwaka 1991. Wapo wanaousifu uungwaji mkono huo. Mimi naona ulidhuru. Mfadhili wa kibiashara huuliza kwa nini mwaka jana tulipata sifuri. Mfadhili wa kisiasa huridhika gari likiwa la buluu, rangi ya Ufaransa.

Mabadiliko yalikuja Ligier alipouza timu. Mwaka 1993 ilipata alama 23 na nafasi ya tano ikiwa na madereva wawili Waingereza, Martin Brundle na Mark Blundell. Mwaka uliofuata Flavio Briatore wa Benetton aliichukua, na Renault yake ikahamia Benetton kwa msimu wa 1995. Ligier ikapewa Mugen-Honda, injini iliyoheshimika chini ya ile, na ikapata alama 24, moja zaidi kuliko ile ya 1993 iliyokuwa na Renault. Hilo peke yake lilipaswa kuifunga hoja ya injini.

Kisha Monaco 1996. Olivier Panis alianza wa 14, na watu wengi huuita ule ushindi wa bahati. Ni kweli Damon Hill alipasukiwa injini akiongoza, na Jean Alesi akaharibikiwa baadaye. Lakini asubuhi ile Panis alikuwa wa kasi kuliko wote katika mazoezi ya mwisho. Njia ilipoanza kukauka aliingia piti mapema kubadili tairi za mvua, akajaza mafuta ya kumfikisha mwisho, akawapita wenye kusitasita. Alimpita Eddie Irvine kwa nguvu kwenye kona finyu ya hoteli, mahali ambapo wengi hawathubutu. Saa mbili zilipotimia, duru 75 kati ya 78, alikuwa sekunde karibu 5 mbele ya David Coulthard. Ligier ilikuwa haijashinda tangu Kanada 1981.

Mwanzoni mwa 1997 Alain Prost alinunua timu na kuipa jina lake. Gari lilikuwa limekwisha kuchorwa Magny-Cours na lilibaki na jina JS45. Panis alikuwa wa tatu Brazil na wa pili Hispania, akiwa miongoni mwa watatu wa juu wa ubingwa, hadi alipovunjika miguu Montreal. Alama 21 za msimu ule zimeandikwa kwenye rekodi ya Prost, hazimo katika zile 388.